Mwache Mtoto Amtazame Chui

Hebu tupa jicho kwenye ukuta wa sebule yako. Huenda ukaona kalenda ya duka fulani, saa, picha ya arusi, na pengine picha ya yule jamaa wa ukoo aliyefuzu chuo kikuu akiwa amevaa joho. Vyote hivyo ni vizuri na sina ugomvi navyo. Lakini jiulize, je, kuna kitu ukutani humo ambacho mtoto wako wa miaka minne au sita amewahi kukitazama kwa dakika kumi na kukuuliza maswali juu yake? Katika nyumba nyingi za mjini jibu ni la. Sanaa tumewaachia walimu, nao walimu, kwa wingi wa watoto walio nao, hufundisha kuchora. Kutazama hakuna anayekufundisha.

Jumapili hii nataka kukushawishi ufanye jambo dogo lisilo na gharama. Mchague mchoraji mmoja, kisha ukae naye pamoja na wanao kwa mwezi mzima. Si wachoraji kumi, mmoja tu. Mtoto huitambua sauti ya shangazi yake kwenye simu kwa sababu ameisikia mara nyingi, na mkono wa mchoraji ataujua kwa njia hiyo hiyo.

Mimi ningeanza na Edward Saidi Tingatinga. Jina lenyewe litawachekesha watoto, kwani kwao tingatinga ni lile gari kubwa linalochimba barabara. Waache wacheke, hawatalisahau. Kisha waambie kwamba alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya katani, na baadaye akafika Dar es Salaam alikofanya vibarua vya kila namna. Alianza kuchora mwaka wa 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36. Hakuwa na turubai wala rangi za bei ghali. Alitumia vipande vya mraba vya mbao nyembamba, zile za kufunikia dari, kila upande takriban sentimita 60, na rangi ya kung'aa iliyotumika kupakia baiskeli. Picha zake zikawa zinauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay. Mtoto anayeishi katika nyumba ya kupanga ataelewa mara moja habari ya mtu aliyetumia kilichokuwepo.

Sasa tafuta picha. Picha yake ya chui itafaa sana. Unaweza kuipata katika kitabu cha maktaba au kuichapisha pale wanapotoa fotokopi za rangi. Kwenye simu pia zipo, ila simu ina tabia mbaya: kidole cha mtoto hutaka kusukuma picha iende, aone inayofuata. Karatasi haisukumwi. Ibandike chini, usawa wa macho ya mtoto, si juu karibu na saa ambapo ataiona kwa kuinua shingo.

Hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu. Tukishabandika, tunaanza kuhutubu: "Huyu ni chui, anaishi msituni, anakula nyama." Somo limekwisha, na mtoto amejua kwamba picha ni kitu cha kuelezwa na mkubwa. Funga mdomo, mzazi mwenzangu. Muulize tu, "Unaona nini?" Akijibu, muulize, "Umejuaje?" Akisema chui ana hasira, usimwambie hana. Muulize hasira hiyo ameiona wapi, kwenye macho au kwenye meno? Mtoto akilazimika kuonyesha kwa kidole alichokiona, ameanza kufikiri, na wewe utaona mambo ambayo hukuyaona. Dakika kumi baada ya chajio zinatosha. Akichoka baada ya tatu, mwache aende zake. Kesho yupo, na chui yupo.

Siku ya pili fanya mchezo. Chukua gazeti ufunike nusu ya picha, kisha umuulize upande uliofichwa una nini. Siku nyingine hesabuni madoa, mlinganishe yaliyo mgongoni na yaliyo miguuni. Halafu muulize chui huyo amesimama wapi, kwa maana Tingatinga mara nyingi hakujisumbua kuchora ardhi wala mawingu. Alipaka rangi moja nyuma, akamweka mnyama mbele peke yake, mkubwa, amejaa ubao. Msichana au mvulana wa miaka sita anaweza kukuambia kwa nini, na jibu lake laweza kuwa bora kuliko langu.

Hapana budi atasema, "Lakini chui hafanani hivyo." Usikimbilie kumtetea mchoraji. Kama mmewahi kwenda kumwona chui kwenye makao ya wanyama pale Lang'ata, kumbusheni mliyoyaona, kisha umuulize mchoraji amebadilisha nini na amekiacha nini vilevile. Mtoto akielewa kwamba mchoraji alichagua, hatalia tena kwamba ng'ombe wake mwenyewe "ameharibika". Na hili nalisema kwa uzito. Watoto wengi huacha kuchora wakiwa bado wadogo sana kwa sababu mtu mzima mmoja alicheka na kuuliza, "Hii nayo ni nini?"

Mapema au baadaye litakuja swali: "Yuko wapi sasa?" Tingatinga alifariki mwaka wa 1972. Alipigwa risasi na polisi mjini Dar es Salaam waliodhani ni mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Wapo watakaosema mtoto asiambiwe. Kwa wa miaka mitatu, sema alikufa zamani, inatosha. Lakini wa miaka saba akikuuliza alikufaje, mwambie kwamba polisi walikosea, wakamuua mtu asiye na hatia. Ukimdanganya, atakuja kusoma mwenyewe siku moja, na kumbukumbu ya jioni zile itachafuka. Mwambie pia kwamba kulikuwa na vijana, wengi wao jamaa zake, aliokuwa amewafundisha, nao wakaendelea kuchora. Hata leo kuna chama cha ushirika cha wachoraji jijini humo kinachobeba jina lake.

Ndiyo sababu picha nyingi utakazoziona Soko la Maasai zikiitwa tingatinga hazikuchorwa naye. Tafuta moja ya hizo, yenye twiga, pundamilia, mti na mlima Kilimanjaro vyote vimebanana, uiweke kando ya chui wake. Muulize mtoto anapenda ipi na kwa nini. Akipenda ile iliyojaa, nawe unapenda ya chui, kubali yaishe.

Mama mmoja aliniuliza, "Kutazama picha kutamlisha mwanangu?" Ni swali la haki kwa mtu anayelipa karo. Sina ahadi ya mshahara. Ninachojua ni kwamba mtoto aliyezoea kukaa na kitu kimoja kwa dakika kumi na kueleza sababu za anayoyasema hukaa hivyo hivyo mbele ya kitabu.

Mwezi ukiisha, wapeleke Nairobi Gallery, lile jengo la zamani karibu na Nyayo House, lenye mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Msizunguke vyumba vyote. Mwambie kila mtoto achague picha moja, mkae hapo, mtoke kabla njaa haijawashika.