Nguva ni wetu, kibali ni cha nani?

Kila ifikapo Julai, kusi ikiwa imekaza, nyangumi wa nundu hupita mbele ya Diani, Kilifi na Watamu wakitoka baridi ya kusini kuja kuzaa katika maji yetu ya joto. Nyuma yao hupita boti. Nyingine zimebeba watalii, nyingine zimebeba watu wenye kamera za mdomo mrefu, vipaza sauti vya kuzamishwa majini na madaftari. Wavuvi huwatazama wote kwa jicho moja. Lakini mbele ya sheria hawa si watu wa aina moja, na tofauti yao ndiyo inayonifanya niandike leo.

Mtalii amelipa kiingilio na nauli ya boti, basi. Mtafiti anatakiwa awe na kibali. Na kibali hicho, ingawa kinahusu pomboo wa Wasini au nguva wa Kiunga, hutolewa mbali na harufu ya chumvi. Leseni ya utafiti hutoka kwa tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, iliyo Nairobi, chini ya sheria ya sayansi ya mwaka 2013. Utafiti wa wanyamapori, na wa baharini wamo, uko chini ya Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, iliyozaliwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka huo huo. Makao yake yako Naivasha. Sina ugomvi na Naivasha, ziwa lake zuri na viboko wake wengi, ila nguva hajawahi kufika huko.

Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi, KWS wana neno lao. Ukitaka kurusha droni, mamlaka ya usafiri wa anga wana lao. Ukitaka kuchukua kipande cha ngozi kwa ajili ya vipimo vya jeni, NEMA nao wanaingia. Na kipande hicho kikivuka mpaka kwenda maabara ya Ulaya au Marekani, hata kikiwa kidogo kama ukucha, kinahitaji hati ya mkataba wa CITES, kwa sababu nguva, nyangumi wa nundu na pomboo wa nundu wote wamo katika orodha yake ya kwanza, ile kali kuliko zote.

Tusiwe wepesi wa kulaumu urasimu huu. Una sababu yake. Ngozi ya nyangumi aliye hai hupatikana kwa kumrushia mshale wenye kichwa cha chuma kilicho wazi, unaokata kijisehemu na kuelea. Boti ikimfuata mama mwenye ndama kwa saa nzima ili picha ya pezi itoke vizuri, mama hatulii, ndama hanyonyi. Ukiruhusu kila mwenye boti na shahada afanye atakavyo, utafiti wenyewe utageuka usumbufu. Na kwa nguva hatuna nafasi ya kukosea. Desemba 2022 shirika la IUCN lilitangaza kwamba nguva wa Afrika Mashariki wako katika hatari kubwa mno ya kutoweka, likikadiria waliokomaa kuwa chini ya 250 katika ukanda wote wa pwani hii. Si wa Lamu peke yake. Ukanda wote.

Basi kibali kiwepo. Swali langu ni nani huulizwa kabla hakijatolewa.

Nimesoma masharti yanayochapishwa nyuma ya leseni ya utafiti. Mwenye leseni anatakiwa kujitambulisha kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kuanza kazi. Mgeni kutoka nje lazima ashirikiane na taasisi ya hapa nchini. Kazi ikiisha, nakala ya ripoti iwasilishwe kwa tume ndani ya mwaka mmoja. Yote mazuri. Lakini angalia waliotajwa: kamishna, mkurugenzi wa elimu, tume. Mwenyekiti wa BMU ya Vanga hayumo. Diko la Mkwiro halimo. Kina mama wa Wasini, wanaotegemea wageni wanaokuja kutazama pomboo, hawamo.

Ami yangu alikuwa nahodha. Kwa misimu miwili alichukuliwa na kundi moja la watafiti awatafutie pomboo, kwa kuwa alijua pomboo hula wapi maji yakijaa na hupumzika wapi maji yakitoka. Alilipwa ujira wake wa siku, hilo silikatai. Walimpa na kofia. Kile alichowaonyesha kikawa ramani yenye alama nyekundu, ramani ikawa andiko, na andiko likachapishwa kwa Kiingereza mahali ambapo kulisoma ni kwa kulipia. Hadi anafariki hakuna aliyerudi kumwambia walipata nini. Alikuwa akiuliza, "Wale vijana, walihesabu wakafika wangapi?" Nami sikuwa na jibu la kumpa.

Huenda mtu akasema hiyo ni hadithi ya adabu, si ya sheria. Nasema ni ya sheria pia, kwa sababu ramani za namna hiyo haziishii vitabuni. Mtafiti akionyesha kuwa mahali fulani ni malisho ya nguva au mapumziko ya pomboo, kesho yake kuna mtu atapendekeza pafungwe. Pengine ana haki. Lakini tunajua mstari kwenye ramani hufanya nini. Ndani ya mbuga ya Kisite uvuvi ni marufuku, na jirani yake, hifadhi ya Mpunguti, uvuvi wa asili unaruhusiwa. Mvuvi wa Shimoni anaijua tofauti hiyo kwa tumbo lake. Mtu ambaye elimu yake ndiyo iliyochora mstari huo anastahili kujua, siku anapoombwa aielekeze boti, kwamba hilo linaweza kuwa mwisho wake.

Hapa ndipo sheria yetu inaponishangaza. Kanuni za mazingira za mwaka 2006, zinazohusu rasilimali za kijeni na kugawana faida zake, zinamtaka anayeomba kibali cha NEMA aonyeshe ushahidi kwamba wahusika wamearifiwa mapema na wakaridhia. Yaani ukitaka ule ukucha wa ngozi ya pomboo, ridhaa inatakiwa. Lakini ukitaka picha elfu za mapezi yake, sauti zake, njia zake, na mahali hasa anapolala, vyote hivyo si jeni, na sharti hilo halikugusi. Kilichowekewa ulinzi ni nyama, na maarifa yameachwa mlango wazi. Hali pomboo wengi wa Kisite na Mpunguti wanajulikana mmoja mmoja kwa picha za mapezi yao, kwa makovu na mikato iliyomo, bila ya kukatwa hata unywele wa ngozi. Thamani kubwa ya utafiti wa leo imo katika takwimu za mahali na nyakati, na hizo ndizo alizokuwa nazo ami kichwani.

Wala hatuwezi kusema nchi haina misingi. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka dola ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu viumbe na mazingira. Ipo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018, katika kesi ya wavuvi wa Lamu kuhusu bandari mpya, ilisema wazi kwamba wenyeji hawakushirikishwa wala kupewa habari ipasavyo, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi ile ilihusu bandari na utafiti haukuwa hoja, lakini kanuni ni ile ile: usiamue juu ya bahari ya watu kana kwamba haina watu.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani wana sheria ya kulinda mamalia wa baharini tangu 1972. Mtafiti akiomba kibali cha kuwasumbua wanyama hao hueleza ni aina gani, wangapi, kwa njia gani na kwa nini. Kisha ombi lake hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na raia yeyote, awe profesa au mvuvi wa kaa, ana siku 30 za kutoa maoni. Kibali chenyewe hakizidi miaka mitano, na ripoti hudaiwa kila mwaka. New Zealand nao sheria ya uhifadhi inazibana mamlaka ziuheshimu mkataba wa Waitangi, na kwa hivyo Wamaori huulizwa katika vibali vinavyogusa wanyama walio na maana kwao. Sisemi huko ni peponi. Nasema ombi linasomwa na watu kabla ya kupigwa muhuri.

Upo upande wa pili, na itakuwa dhuluma nikiuficha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani au cha Kiufundi cha Mombasa, mtoto wetu, akitaka kuhesabu pomboo kwa ajili ya shahada yake anazunguka kwenye milango hiyo hiyo, bila ofisi ya kumjazia fomu na bila pesa za kusubiri. Mradi wa kigeni una karani wa kazi hiyo. Ukiongeza mlango mwingine kijijini, anayeumia kwanza ni huyu wetu. Na tuambiane ukweli sisi kwa sisi: kuna kamati za ufuo ambazo zikipewa mhuri, mhuri utageuka kikapu cha chai. Mtafiti atazungushwa mpaka atoe kitu, na atakayetoa zaidi ndiye atakayepata ridhaa ya jamii.

Kwa hivyo mimi siombi BMU ipewe mamlaka ya kukataa. Naomba kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi kukwepa. Tangazo la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, libandikwe kwenye diko na lisomwe katika mkutano wa BMU kabla leseni haijatoka: nani anakuja, anamfuata mnyama gani, kwa chombo gani, atakaa muda gani, na takwimu zitawekwa wapi. Wiki mbili za maoni, pasi na ada. Asiyepata maoni aendelee. Na leseni ya pili asipewe mtu ambaye ripoti ya kwanza hajaileta pale pale alipoichuma, kwa lugha inayosomeka pale. Sharti la kuipeleka kwa tume tayari lipo, kwa hivyo kuongeza diko katika anwani hakuhitaji bunge zima likeshe.

Kuna faida ambayo hata mtafiti mwenyewe ataiona. Nguva wengi hawafi kwa mshale wa sayansi. Wanazama kwenye jarife, usiku, bila mtu kukusudia. Mvuvi anayemkuta nguva amekufa nyavuni ana habari ambayo hakuna ndege ya kuhesabu itakayoipata: mahali, kina, saa, dume au jike, amebeba mimba au la. Lakini mvuvi huyo anajua pia kwamba sheria ya wanyamapori, ilipopitishwa 2013, katika kifungu cha 92 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa ya wanyama walio hatarini. Nani atapiga simu? Atakata nyavu, atanyamaza. Mtafiti aliyejitambulisha kwenye mkutano, akarudi na majibu ya mwaka jana, ndiye mtu pekee ambaye mvuvi huyo anaweza kumnong'oneza, na masharti ya kibali yangeeleza bayana kwamba taarifa ya nyavu iliyoletwa kwa hiari haitageuzwa kuwa ushahidi wa kumshitaki aliyeileta.

Boti za Shimoni zitatoka tena kesho asubuhi. Zile za watalii zitamkaribia pomboo kuliko mtafiti yeyote, bila kibali, na hilo nalo linahitaji siku yake. Nilimuuliza nahodha mmoja kijana kama amewahi kuombwa maoni kuhusu utafiti wowote katika maji anayoyapita kila siku. Alicheka. "Mimi huombwa nipunguze mashine," alisema, "wapige picha."