Usonji usiwe sababu ya kupuuza hisia za mtu

Miaka mitatu iliyopita nilimsindikiza dada yangu na mwanawe hadi hospitali moja hapa Nairobi. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minne na hakuwa ameanza kuunganisha maneno. Daktari aliuliza maswali mengi. Je, kelele humsumbua? Kuna nguo anazokataa kuvaa? Hukasirika utaratibu wa siku ukibadilishwa? Dada alijibu yote, kisha akanigeukia na kusema, "Daktari, hata huyu alikuwa hivyo hivyo." Tulicheka sote. Lakini nilirudi nyumbani na mawazo mengi, na baada ya kuchunguzwa kwa miezi kadhaa, nikiwa na umri wa miaka 36, niliambiwa kwamba mimi pia nina usonji.

Yafaa ieleweke kwamba usonji si laana, hauambukizwi, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo, ambapo ubongo hupokea sauti, mwangaza, miguso na maneno ya watu kwa njia tofauti na ya wengi. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) linakadiria kwamba mnamo 2021, takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hii.

Kwa nini basi nikafika umri huo bila kujulikana? Daktari Leo Kanner alipoieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943, aliandika kuhusu watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Tangu wakati huo, picha iliyo akilini mwa wengi ni ya mvulana. Mwaka 2002, Profesa Simon Baron-Cohen wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliandika kwamba huenda usonji ni ubongo wa kiume uliopita kiasi. Mwanamke mwenye usonji hujikuta basi kati ya mambo mawili: ama haonekani kabisa, ama aambiwe kwamba ana ubongo wa mwanamume.

Nasema haya kwa sababu kuna jambo jingine ambalo nimelibeba tangu utotoni. Shule niliyosomea ilitaka wasichana wote wanyoe nywele. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilifurahi, kwani hakuna aliyeweza kunitofautisha na yeyote. Taabu ilianza nilipomaliza Kidato cha Nne. Ghafla nikatakiwa nifuge nywele, nisukwe, nivae marinda na hereni. Nilipokataa, shangazi yangu alianza kuniita jikedume mbele ya wageni.

Sehemu ya taabu hiyo ilikuwa ya ngozi tu. Kusukwa kuliniumiza hadi nikalia, na lesi za rinda zilinikwaruza siku nzima. Lakini si yote. Hata nilipopata sketi ya pamba laini isiyonisumbua, bado nilipoitwa "mrembo" nilihisi kana kwamba anaitwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Wala sikutamani kuwa mwanamume. Nilipojaribu kujifikiria hivyo, nalo halikunikaa. Nilijiona mtu aliye katikati, mwenye kidogo cha huku na kidogo cha kule, na nilipoachwa hivyo nilitulia.

Baada ya kujua kuwa nina usonji, nilijipa moyo nikamweleza daktari mmoja hisia hizi. Alinijibu, "Hiyo ni usonji tu. Usiitilie maanani." Shangazi naye aliposikia habari zangu alisema kinyume chake: kwamba sina usonji wowote, ila nina ukaidi na mambo ya kuiga. Daktari alitumia usonji kuyafuta maneno yangu, na shangazi akatumia maneno yangu kuufuta usonji. Hakuna aliyeniuliza ninamaanisha nini.

Kumbe jambo hili si geni kwa watafiti. Mwaka 2010, watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walitoa matokeo ya kuwachunguza watoto na vijana 204 waliopelekwa kliniki kwa sababu walihisi kwamba jinsia yao haiwiani na miili yao. Kati yao, 16 walipatikana na usonji, kiwango kilicho juu sana kuliko cha watoto wengine. Mwaka 2012, Susanne Bejerot na wenzake huko Uswidi waliwalinganisha watu wazima wenye usonji na wasio nao. Waliona kwamba wanawake wenye usonji walikuwa na sifa za kike pungufu, na wanaume wenye usonji nao walikuwa na sifa za kiume pungufu. Jambo hilo haliafikiani na ile nadharia ya ubongo wa kiume. Kisha mwaka 2020, utafiti uliofanywa Cambridge kwa kutumia habari za zaidi ya watu 600,000 ulionyesha kwamba wale ambao jinsia wanayoihisi ni tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa wana uwezekano mara 3 hadi 6 zaidi wa kuwa na usonji.

Takwimu hizi zisieleweke vibaya. Watu wengi wenye usonji hawana hisia kama zangu, na wengi wenye hisia hizi hawana usonji. Wala tusichanganye mambo haya na huntha. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike kamili wala ya kiume kamili, na sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa namna hiyo. Mwili wangu hauna utata wowote. Ninachozungumzia ni hisia. Na ikiwa kuna anayedhani hisia hizo ni wazimu, akumbuke kwamba katika orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, WHO iliondoa kutowiana kwa jinsia na mwili katika sura ya maradhi ya akili.

Najua wazazi watauliza: je, mtoto mwenye usonji, ambaye hata hisia za njaa na baridi humwia vigumu kuzieleza, anawezaje kujua jambo zito kama hili? Swali hilo ni la haki. Nami nakubali kwamba mtoto asiharakishwe, na kwamba hakuna haja ya kumpa jina lolote leo wala kesho. Lakini kutomharakisha si kumnyamazisha. Wengi wetu tulijifunza mapema kuigiza ili tufanane na wenzetu, na kuigiza huko kutwa kucha huchosha. Sonona na wasiwasi huwapata watu wenye usonji kuliko watu wengine, na kumwongezea mtu kama huyo aibu juu ya mavazi na nywele ni kumtwika mzigo asiouweza.

Kuna mambo rahisi ya kufanya. Mtoto akikataa rinda, mwulize kwanza kama linamkwaruza. Likiwa ni jambo la kitambaa, badilisha kitambaa. Akisema kuna jambo jingine zaidi, msikilize bila kumcheka na bila kumkatiza, kisha umpe muda. Nanyi madaktari, mgonjwa akieleza hisia zake, mwandike alivyosema hata kama mnaona ni usonji. Kujua kwamba mtu ana usonji kunapaswa kuwasaidia kumwelewa vizuri zaidi, si kuwapa sababu ya kutomsikiliza.

Mwezi Desemba uliopita kaka yangu alioa. Jamaa wote walishonewa kitenge cha aina moja, na kwa miaka mingi siku kama hizo nilizihofu. Mama, ambaye hajawahi kusoma chochote kuhusu utafiti wa Cambridge, alinipeleka kwa fundi na kuniuliza, "Wewe ungependa kushonewa nini?" Nilisema suruali na shati refu. Akamgeukia fundi akamwambia ahakikishe mishono ya ndani haikwaruzi. Hakuongeza neno. Nilikaa kwenye harusi ile hadi jioni, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Swali la mama halikuhitaji elimu kubwa wala pesa. Wazazi, walimu na madaktari wetu na waanzie hapo.