Kwani Bila Maksi Mtoto Hajasoma?

Katika kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi jijini Dar es Salaam, baba mmoja alisimama akipunga daftari la mwanawe. "Mwalimu, kurasa nne nzima hakuna maksi hata moja! Sasa nyinyi huwa mnafanya nini humo darasani?" Ukumbi ukampigia makofi. Mwalimu wa hesabu, binti aliyeajiriwa juzijuzi, akajaribu kueleza kuwa yalikuwa maswali ya kuangalia kama watoto wameelewa kabla hajasonga mbele. Nani amsikilize? Mwalimu mkuu akaahidi kuwa kuanzia wiki ijayo kila zoezi litakuwa na alama, na makofi yakarudi kwa nguvu zaidi.

Laiti mzee yule angelifungua daftari badala ya kulipunga. Mwandishi wa safu hii, aliyekaa nyuma yake, aliliomba baada ya kikao. Swali lilikuwa kujumlisha nusu na theluthi. Mtoto kaandika 2/5. Kajumlisha za juu kwa za juu, za chini kwa za chini, wala hakushtuka kwamba jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Huo si uzembe. Ni kanuni aliyojitungia mwenyewe, na asipozuiwa ataingia nayo kidato cha kwanza. Mwalimu alikuwa amepigia mstari tarakimu za chini na kuandika pembeni: "Vipande vinalingana?" Chini yake mtoto kachora miduara, kaigawa sita sita, kapata 5/6.

Jaribio la wiki lingempa 3 kwa 10 kwa kalamu nyekundu, pengine na fimbo juu yake, na kanuni yake ya uongo angebaki nayo salama salimini.

Kurudisha kazi na maoni badala ya maksi si wazo la binti mgeni kazini pekee. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler wa Israel alichapisha matokeo ya jaribio lake: watoto wengine walirudishiwa kazi ikiwa na maksi tu, wengine maoni tu, wengine vyote viwili. Waliofanya vizuri na kubaki na hamu ni wale wa maoni tu. Kubandika maksi juu ya maoni kuliyaua maoni yenyewe. Miaka 10 baadaye Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walipitia takriban tafiti 250, wakasisitiza kuwa mwalimu anayechunguza uelewa wa watoto kila siku na kubadili ufundishaji wake kwa alichokiona huinua darasa, hasa wale wa mkiani.

Lakini utaambiwa: bila maksi watoto hawatafanya bidii. Ajabu! Jioni watoto haohao wanakwenda madrasa. Wanakaa mbele ya ustadhi mmoja mmoja, wanasoma; mtoto akikosea herufi, anasimamishwa papo hapo, anarudia, na aya haivukwi mpaka ikae sawa. Kuanzia Lamu hadi Kilwa watu wamesoma hivyo vizazi na vizazi, na hakuna aliyeondoka mkekani na asilimia 67.

Wengine wanalalamika kuwa darasa lina watoto 90. Basi hao ndio wangeshangilia! Kila mtoto aandike jibu kwenye kipande cha karatasi, ainue juu. Mwalimu apitishe macho, aone 2/5 zimejaa upande wa dirishani, afundishe upya palepale. Kusahihisha madaftari 90 ni kazi ya usiku kucha, na yakirudi somo limeshapita. Sasa hivi kipimo kilichozoeleka ni "Mmeelewa?" na kibwagizo chake, "Ndiyooo, mwalimu!" Hapo hata aliyesinzia kaitikia.

Na nchi hii haijawahi kupungukiwa na maksi. Kuna mitihani ya kitaifa ya darasa la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita, mbali na ya wiki, ya mwezi na utitiri wa mock. Maksi zote hizo zilisaidia nini mwaka 2012, pale Wizara ya Elimu ilipokiri kwamba maelfu ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika? Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huohuo, zaidi ya asilimia 60 walipata daraja sifuri. Tiba ya serikali mwaka 2013 ikawa kuyafuta na kuyapanga upya! Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini mabango ya sura za "vipanga" bado yananing'inia kwenye mageti. Twisheni tusiitaje, ambako mzazi analipia mara ya pili somo lilelile.

Wazazi, muhula ujao acheni kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Ulizeni ni mada ipi inamshinda, anakosea wapi hasa, na mwalimu amebadili nini katika ufundishaji wake baada ya kuligundua hilo.