Bei ya Kompyuta na Thamani ya Korosho

Mwalimu wa Newala anapoulizia bei ya kompyuta mpakato na kukuta imepanda tena, lawama humwangukia mwenye duka. Walanguzi wapo, na hawastahili kutetewa. Hata hivyo, ulanguzi peke yake hauelezi kwa nini mashine ileile hupanda bei sana katika nchi moja na kidogo katika nchi jirani.

Ichukuliwe mashine ya dola 400. Mwanzoni mwa 2022, dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300 za Tanzania, au shilingi 113 za Kenya. Kabla ya kodi na nauli, mashine hiyo ilikuwa shilingi 920,000 Tanzania na 45,200 Kenya. Kufikia Januari 2024, dola ilikuwa imekaribia 2,500 Tanzania na 160 Kenya. Mtanzania akatakiwa shilingi 1,000,000, nyongeza isiyofika asilimia 9. Mkenya akatakiwa 64,000, nyongeza ya zaidi ya asilimia 41. Bei ya kiwandani ni ileile! Baadaye mwaka huohuo mambo yakageuka: shilingi ya Kenya ikapanda hadi karibu 130 kwa dola, na ya Tanzania ikashuka kupita 2,600.

Kodi nayo ina nguvu yake. Mwaka 2021 Tanzania ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa simu janja na vishikwambi. Mwaka 2022 msamaha huo ukafutwa. Juu ya hayo huja gharama za safari kutoka bandarini hadi Newala.

Ni dhahiri, basi, kwamba chanzo kikubwa ni dola, na dola hupatikana kwa kuuza mazao nje. Masasi na Newala huzalisha zao linaloleta dola hizo, yaani korosho. Shilingi inaposhuka, mkulima huweza kupata shilingi nyingi zaidi kwa kilo, ilhali mwalimu mwenye mshahara uleule huumia. Lakini sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ujira wa kubangua hubaki huko. Viwanda vya kubangua vilijengwa Masasi na Newala tangu miaka ya 1970, kisha vikasimama.

Kila gunia linaloondoka bila kubanguliwa huondoka na dola ambazo zingeipa shilingi nguvu. Anayetaka kompyuta iwe nafuu darasani hana budi kudai korosho ibanguliwe nyumbani.