Wana Mara, Kukojoa kwa Shida Si Uzee: Tuwapeleke Baba Zetu Hospitali



Katika vijiji vyetu wapo wanaume wengi wanaoacha kunywa maji tangu alasiri ili usiku walale. Hawalali. Saa tano mzee ameshaamka, amezunguka nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta kwa mkono mmoja, anasubiri. Mkojo hauji. Ukija ni mwembamba, unakatika, na matone ya mwisho yanaishia kwenye suruali. Anarudi kitandani akiwa bado amebanwa, na saa sita na nusu yuko nje tena. Mchana haonekani msibani wala kanisani. Safari ya Mwanza anaiahirisha kila wiki, maana basi halitamsimamia kila anapobanwa. Mkewe anajua. Watoto hawajui, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Naomba tumuulize. Mwanaume wa huku kwetu, awe Mzanaki, Mjita, Mwikizu au Mkurya, amelelewa kutolalamika mbele za watu. Malezi hayo yamempa ushupavu, ila kwa ugonjwa huu yanamuumiza, na peke yake hatatoka kwenye ukimya huo. Kazi hiyo ni yetu.

Chini ya kibofu cha kila mwanaume kuna tezi dume, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Umri ukisogea, tezi hukua. Kwa wanaume wa miaka 50 hadi 60, karibu nusu yao tezi huwa imeshakua. Wakifika miaka 80 ni wengi zaidi. Baadhi yao hubanwa njia kama mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa. Kibofu husukuma hadi kinachoka, kisha mkojo hubaki ndani, ukaleta maambukizi na mawe. Msukumo ukirudi nyuma, figo huharibika. Kukua huku kwa kawaida si saratani. Lakini saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume nchini, na mwanzoni yaweza kukaa bila dalili yoyote. Kwa hiyo kubahatisha ni hatari.

Na sisi tunabahatisha sana. Jirani atasema ni ngiri. Mwingine atasema karogwa. Duka la dawa muhimu litamuuzia sipro kwa mara ya tatu, kwamba ni UTI. Mwenyewe atasema ni uzee. Huku miezi inakwenda.

Tezi dume si chanzo pekee. Kijana aliyewahi kuugua kisonono bila kutibiwa sawasawa, au aliyeumia nyonga katika ajali ya pikipiki, njia yake ya mkojo inaweza kusinyaa kwa kovu. Mtoto anayetoa damu mwishoni mwa kukojoa apimwe kichocho, ambacho dawa yake, prazikwanteli, inajulikana. Kisukari hulegeza kibofu. Mama anayeshindwa kukojoa baada ya kujifungua, au aliyeshuka kizazi, naye asiambiwe avumilie. Hata baadhi ya dawa za mafua zinaweza kumfungia mkojo mzee mwenye tezi iliyokua.

Najua kinachowatisha wengi: kipimo cha kidole. Tukiseme wazi. Daktari huvaa glavu, hupaka kilainishi, mgonjwa hulala ubavu, na kwa kawaida jambo huisha ndani ya dakika moja. Daktari anagusa tezi kupitia njia ya haja kubwa kujua ukubwa wake na kama ina uvimbe mgumu. Huongezea kipimo cha mkojo, cha damu kiitwacho PSA, na utrasaundi. Hakuna utu wa mwanaume unaopotea hapo.

Matibabu yapo. Tamsulosini hulegeza misuli ya njia, na wengi huona nafuu ndani ya siku au wiki chache. Finasteridi hupunguza tezi yenyewe, lakini huhitaji kama miezi sita, hivyo asiyeona mabadiliko mwezi wa kwanza asiitupe. Wengine watahitaji upasuaji, na mara nyingi hupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo. Kwa wengi, baada ya upasuaji shahawa huingia kwenye kibofu badala ya kutoka nje, ila nguvu za kiume kwa walio wengi hubaki.

Jambo moja halisubiri kupambazuka. Mkojo ukifunga kabisa, tumbo likavimba chini ya kitovu kwa maumivu makali, hiyo ni dharura. Usimnyweshe maji wala mitishamba ili "asukume". Mwitie bodaboda au gari, awahi hospitali kuwekewa mpira wa mkojo. Na huo mpira una tarehe ya kubadilishwa. Mzee asiachwe nao nyumbani miezi mingi kana kwamba amepona.

Sasa tufanye nini? Sisi ni watu wa kuchangiana. Akifa mtu Kiabakari au Nyamuswa, jeneza, sanda na chakula cha waombolezaji hupatikana kabla jua halijazama. Mchango huohuo tuutoe mzee angali hai. Kila kitongoji kitenge fungu la nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, na ikibidi Bugando jijini Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma.

Mkutano mkuu ujao wa kijiji uwe na ajenda hii. Mtendaji aeleze nani ana kitambulisho cha mzee na nani hana, kwa kuwa tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nchi yetu imeahidi matibabu bila malipo kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waulize habari za mkojo kila wanapoingia nyumba yenye mzee. Mapadri, wachungaji na masheikh walitaje jambo hili mbele ya waumini. Wauza dawa wamwelekeze hospitali anayerudi na tatizo lilelile. Nasi tuwabane madiwani hadi dawa za tezi dume zisikosekane kwenye hospitali zetu za wilaya.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa Butiama, aliyahesabu maradhi kuwa mmoja wa maadui watatu wa taifa, pamoja na ujinga na umaskini. Adui huyu kwetu anatembea na wenzake wote wawili.

Basi kabla wiki haijaisha, kaa na baba yako, babu yako au mjomba wako mkiwa wawili tu, umuulize: "Mzee, mkojo unatokaje?" Jibu likiwa baya, panga siku, tafuta nauli, mwende pamoja.