Waridi la kwenye simu na ua la Wampembe

Kimya kilizidi, mitihani ilibana kweli kweli, lakini nipo, na leo nina la kusema.

Hapa chuoni imeingia homa ya maka peni za akriliki. Kila bweni utakuta mtu kajikunyata kitandani anachora maua. Wapo wanaocheka, eti mtu mzima mwenye kitambulisho cha chuo anapaka rangi kama mtoto wa chekechea. Hao siwaungi mkono hata kidogo. Baada ya kutwa nzima ya lekcha na foleni ya chakula, kukaa kimya na kalamu mkononi ni mapumziko halali. Tena wapo wanaouza kadi zao wakapata hela ya vocha wakati bumu limekata.

Ugomvi wangu uko kwingine. Jamani, mbona wote tunachora maua yale yale? Waridi jekundu, waridi la pinki, basi. Yote yametoka kwenye simu. Wakati huo kwetu Wampembe, ukipanda kutoka ziwani kuelekea Namanyere kipindi cha mvua, kando ya barabara kuna maua ambayo hakuna simu iliyowahi kukuonyesha. Ukifika juu, Ufipa yenyewe, nyasi zinakwenda mpaka macho yanachoka, na humo ndani mna okidi, mna proteya zenye vichwa kama ngumi.

Likizo iliyopita nilimpelekea bibi ua moja. Akalitaja jina kwa Kifipa papo hapo. Mama akasema aliwahi kulisikia. Mimi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Yaani vizazi vitatu tu, jina limeshafika ukingoni! Hilo ndilo linaloniuma.

Na jina likipotea, mwingine atakuja na lake. Lile ua dogo la zambarau la Usambara, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakaliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo wake. Leo linapamba madirisha ya Ulaya. Wazee wa Usambara walikuwa wakiliona miaka yote.

Halafu kuna maua yenyewe kutoweka. Mliotoka Nyanda za Juu Kusini mnajua habari ya chikanda: viazi vya okidi vinachimbwa, vinavushwa Zambia, huko vinapikwa na karanga. Kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha. Ni kweli tunayo Hifadhi ya Taifa Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, iliyoanzishwa mwaka 2005 na yenye aina zaidi ya 40 za okidi. Lakini askari wa hifadhi hawezi kusimama kila kilima cha nchi hii. Ua ambalo hakuna anayelijua likitoweka, nani atauliza limekwenda wapi?

Mtaniambia, ndugu yetu, picha ya ua haizuii jembe. Kweli, peke yake haizuii. Ila kupiga picha kwa simu ni sekunde moja, kuchora ni nusu saa ya kuangalia. Inabidi uhesabu petali, uone jani limekaaje, ugundue kwamba ile "nyekundu" ina machungwa ndani yake. Ukimaliza, ua hilo huwezi kulipita tena kama majani tu.

Na hizi maka peni zinafaa sana kwa kazi hiyo. Rangi yake inafunika, hata njano juu ya nyeusi inaonekana. Tikisa ikiwa imefungwa, bonyeza ncha mpaka rangi ishuke, paka sehemu kubwa kwanza, subiri ikauke, ndipo uweke mishipa na vivuli. Ukiwa na haraka, karatasi nyembamba inachubuka. Karatasi zikiisha, mawe laini ya ufukweni yapo bure.

Wala mtindo huo si mgeni kwetu. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka rangi ya nyuma kwanza, halafu mapambo juu, kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao. Hakusubiri vifaa vya bei mbaya, na alichora wanyama na ndege wa huku.

Waridi linauzika, najua. Uzeni, mle. Ombi langu ni dogo: katika kila maua matano, moja liwe la kwenu. Nyuma ya karatasi andika jina lake kwa lugha ya nyumbani, mahali ulipolikuta na mwezi. Hujui jina? Piga simu nyumbani leo hii, mwombe bibi au babu akutajie. Usingoje likizo, wazee hawangoji.

Wadau wa Lushoto, Makete, Tukuyu na Tunduru, nasubiri ya kwenu. Msome vizuri!