Amana za Watu na Waya wa Ofisini

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.



Katika jarida letu tumezoea kusoma makala za swala, funga, adabu za mwanafunzi na malezi. Mwaka huu naomba niandike juu ya jambo ambalo wengine wataliona ni la mafundi tu, nalo ni kufunga ruta na mtandao wa waya katika ofisi ndogo kama ya madrasa. Rai yangu ni kwamba jambo hili linahusu amana kabla ya kuhusu kompyuta, na kwamba tunao uwezo wa kulifanya kwa mikono yetu.

KARATASI ZA WATU ZINAPITA WAPI?

Tutazame kwanza kazi za ofisi zinavyokwenda katika miji midogo kama Hedaru. Kompyuta moja ina majina ya wanafunzi na namba za simu za wazazi. Nyingine ina hesabu za ada na sadaka. Hazizungumzi. Printa ikiwa mbovu, au imefungwa kwenye kompyuta ambayo mwenyewe hayupo, mwalimu anaitia orodha yake kwenye flashi, anavuka barabara kuu mpaka steshenari, anamkabidhi kijana wa dukani. Kijana anaifungua kwenye mashine yake, anachapa, mwalimu analipa na kuondoka na karatasi. Mara nyingi nakala inabaki pale dukani. Flashi nayo inarudi ofisini na virusi.

Sasa tuseme orodha ile ni ya mayatima wanaonunuliwa sare, au ya familia zinazopokea zaka na sadaka mwezi wa Ramadhani. Mama aliyekuja kwa mwalimu baada ya Isha, akaeleza shida yake kwa sauti ya chini, hakuja ili jina lake lisomwe na kila anayepanga foleni ya fotokopi. Alituamini. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah (s.w.) ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Siri ya mhitaji nayo ni amana, na hairudi ikishatoka.

Sheria ya nchi pia inatubana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haikusema kwamba taasisi ikiwa ndogo imesamehewa. Jina la mtoto, umri wake, namba ya simu ya baba yake na kiasi cha ada anachodaiwa, hizo zote ni taarifa binafsi.

RUTA NI NINI?

Sisi wa Same tunayo bahati ya kulielewa jambo hili haraka, kwa sababu wazee wetu waliturithisha ndiva. Maji ya mfereji huingia ndivani usiku. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji huenda kwenye mashamba kwa zamu, kila shamba kwa mfereji wake, na yupo msimamizi anayejua leo ni zamu ya nani. Ruta hufanya kazi inayofanana na hiyo. Upande mmoja hupokea njia moja ya intaneti kutoka nje. Upande wa pili huigawa kwa kompyuta nyingi, kila moja kwa waya wake, na kila kompyuta hupewa anwani yake ili mzigo wa huyu usiende kwa yule. Na kama ilivyo shambani, mmoja akifungua video siku nzima, wenzake watakaukiwa.

Lakini lipo jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ni kubwa. Ruta inaunganisha kompyuta za ofisini hata kama hakuna intaneti kabisa. Kompyuta tatu zilizofungwa kwenye ruta moja zinaweza kutumia printa moja na kusoma jalada moja la ofisi bila bando, bila laini ya simu na bila kitu chochote kutoka nje ya ukuta. Kwa hiyo suala la mtandao wa ofisi na suala la intaneti ni masuala mawili. Anayeogopa la pili asilikatae la kwanza.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo, ofisi iliyoweka kila kitu chake nje hukaa ikisubiri. Ofisi yenye mtandao wake wa ndani huendelea kuchapa ripoti za wanafunzi kama kawaida.

NAMNA YA KUFUNGA

Nitaeleza kwa ufupi, ili wanafunzi wetu wakubwa waone kwamba kazi hii hailazimu kumleta fundi kutoka mbali.

Kwanza, pimeni. Hesabuni kompyuta na printa, kisha pimeni kwa futi njia ambayo waya utapita ukutani, siyo angani. Waya mmoja usizidi mita 100 toka ruta hadi kompyuta. Ofisi zetu hazifiki huko. Ruta nyingi ndogo zina matundu manne ya kompyuta. Vifaa vikizidi, inaongezwa swichi.

Pili, nunueni waya mzuri. Waya wa daraja la Cat5e au Cat6 unatosha kabisa. Ndani yake mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na msokoto ule hupunguza mwingiliano wa mawimbi kutoka kwenye nyaya jirani. Msiufumue zaidi ya inavyohitajika. Ulizeni kama ni shaba tupu. Kwangueni uzi kwa wembe: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, nao hukatika upesi.

Tatu, vichwa vya waya. Ukishika kichwa huku meno yake ya shaba yakikutazama, kishikizo kikiwa nyuma na waya ukiingia kwa chini, panga nyuzi toka kushoto hivi: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zipangwe hivyo hivyo, kisha zibanwe kwa koleo lake.

Nne, unganisheni. Tundu lililoandikwa WAN ni la kupokea intaneti. Yaliyoandikwa LAN ni ya kompyuta na printa. Mahali ambapo mkongo haujafika, zipo ruta zinazotumia laini ya simu. Laini hiyo iwe ya taasisi, isiwe ya mwalimu ambaye kesho atahama. Adapta ya umeme iwe ile ile ya ruta, kwani ya volti 9 na ya volti 12 zinaweza kuwa na kichwa kinachofanana, na ruta ikaungua. Mvua ya radi ikija, chomoeni umeme na waya unaotoka nje.

Tano, fungeni mlango. Ruta mpya huja na neno la siri la kiwandani ambalo dunia nzima inalijua, mara nyingi ni neno admin tu. Libadilisheni siku hiyo hiyo, kabla ya jambo lolote. Kama hamhitaji waifai, izimeni humo humo kwenye ruta. Suratun-Nur, aya ya 27, imetufundisha kutoingia nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu. Nyumba isiyo na mlango haimpi mgeni hata nafasi ya kubisha hodi.

Sita, jalada. Chagueni kompyuta moja iwe na jalada la ofisi. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na aone yale tu yanayohusu kazi yake: mwalimu wa darasa hana haja ya kuona orodha ya zaka. Kila wiki itolewe nakala kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini.

HOJA ZA WENZETU

Wapo wazee wetu wanaosema intaneti ni fitna, isikanyage madrasa. Nawaheshimu, na hofu yao ina msingi. Ila tukubali kwamba intaneti imeshaingia, tena kwa mlango ambao hatuulindi. Imo kwenye mifuko ya kanzu na mikoba, kwa bando la siku moja, na anayetazama hutazama peke yake. Intaneti ya waya ipo juu ya meza, kioo kinaonekana na kila anayeingia ofisini, na haitembei. Zaidi ya hapo, ruta inaweza kuwekewa kichujio. Mwaka 2020 kampuni ya Cloudflare ilianzisha huduma ya bure ya familia: ukiandika 1.1.1.3 kwenye sehemu ya DNS ya ruta, huduma hiyo hukataa kuelekeza kompyuta kwenye tovuti za uchafu na zenye virusi zinazojulikana. Sisemi kwamba kichujio hiki ni kinga kamili. Mjuzi anaweza kukizunguka, na simu yenye bando lake haikiguswi. Kinachobaki ni taqwa na malezi ya nyumbani, na hayo hakuna ruta inayoyauza.

Wapo pia vijana wanaosema waya ni mambo ya kizamani, waifai inatosha. Waifai ina nafasi yake, hasa kwa simu na kwa mgeni wa siku moja. Lakini mawimbi yake hayajui mpaka wa kiwanja chetu. Yanavuka ukuta na kufika barabarani. Neno la siri anapewa mmoja, jioni wanalo kumi, na tofali nene hulidhoofisha wimbi ndani ya jengo lile lile tunalolitaka. Waya huishia pale ulipowekwa. Anayetaka kuchomeka kompyuta yake hapo lazima kwanza apite mlangoni, atusalimie na aketi mbele yetu. Kwa ofisi yenye siri za watu, hiyo ndiyo faida yenyewe. Najua waya una taabu zake: panya huutafuna, na ukihamisha meza unauhamisha nao. Upitisheni ndani ya bomba la plastiki, taabu nyingi zitakwisha.

Hoja ya tatu ni ya fedha: kwamba sadaka za Waislamu zisitumike kwa vitu vya anasa. Ni hoja nzuri, na ndiyo maana nasema tusinunue kikubwa. Ruta ndogo, waya wa makumi machache ya mita, vichwa vyake na koleo moja. Tuandike kila shilingi iliyotumika na tuisome mbele ya wazazi. Kisha tulinganishe na tunachotoa steshenari na kwenye bando za walimu watatu au wanne kila mwezi.

KAZI NI YETU

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyau Ulumid-Din aliyahesabu matibabu na hesabu kuwa ni katika elimu za fardhi kifaya, na akazitaja pamoja nazo kazi kama kilimo na ufumaji: mji ukikosa wa kuzifanya, wote wamo katika dhambi. Tujiulize katika zama zetu, ni wangapi katika jamaa yetu wanaoweza kubana kichwa cha waya au kubadilisha neno la siri la ruta? Kama jibu ni hakuna, basi wapo vijana wa kufundishwa, wavulana kwa wasichana, nao ndio wanaosoma ukurasa huu.

Upareni tunajua msaragambo. Mfereji ukiziba, watu hutoka na majembe siku moja na jioni maji yanapita. Naiomba kamati ya madrasa ipange msaragambo wa waya kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Mzazi aliye fundi umeme asimamie upande wa umeme. Wanafunzi wakubwa wapime, wapitishe bomba na wabane vichwa. Walimu wakae na kupanga nani aone jalada gani. Ateuliwe mlinzi mmoja wa ruta na msaidizi wake, na neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha na lifungiwe kwa katibu, ili mtu mmoja akisafiri au akifariki kazi isisimame.

Kisha tuweke kanuni moja tu, ibandikwe mlangoni: orodha yenye majina ya watu haitoki ofisini kwa flashi. Siku kanuni hiyo itakapowezekana kutimizwa, yule mama aliyekuja baada ya Isha atakuwa amepata haki yake kwetu, hata kama hatajua kamwe kwamba waya ulipitishwa kwa ajili yake.

Allah (s.w.) atuwafikishe kuzilinda amana zetu, atubarikie watoto wetu katika elimu ya dini na ya dunia, na atusamehe mapungufu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.